Jumba la Tatton Park na kasri la Lord Egerton pale Ngata: nisaidieni kusahihisha aya moja

Ngata_Mwongozaji aliuliza:

Wadau, hamjambo. Kuna karatasi ya ukurasa mmoja inayoandaliwa kwa wanafunzi wa shule za upili wanaokuja kutembelea kasri la Lord Maurice Egerton hapa Ngata, karibu na Njoro, wengi wao kutoka Kisumu, Kakamega na Bungoma. Sehemu ya kasri lenyewe haina neno. Kinachosumbua ni aya ya kwanza, ile ya kueleza jumba la ukoo wake kule Uingereza. Kwa sasa inasomeka hivi:

"Jumba la Tatton Park lilijengwa mwaka wa 1598 na Lord Egerton wa kwanza. Lilikuwa makao ya ukoo wa Tatton kwa zaidi ya miaka 350, hadi Lord Maurice alipoliuza mwaka wa 1938 ili apate pesa za kujenga kasri la Njoro, ambalo ni nakala yake."

Tarehe hizi zimekusanywa mtandaoni na hazipatani. Pia wanafunzi huuliza maswali matatu kila mara: jumba lile lilipata wapi pesa za kujiendesha, mbona halikurithiwa na ndugu, na je, Lord Delamere, yule mlowezi wa Njoro, alikuwa jirani yao tangu huko? Anayejua vizuri anisaidie kabla karatasi haijaenda kupigwa chapa.

---

Hati_za_Kale alijibu:

Aya yako ina makosa matano. Miaka 350 na ushee ndiyo peke yake iliyosimama wima. Tuyachukue moja moja.

1598 ni mwaka ambao ardhi ya Tatton iliingia mikononi mwa Thomas Egerton, mwanasheria aliyekuja kuwa Lord Chancellor wa Uingereza mwaka wa 1603. Kununua shamba si kujenga nyumba. Nyumba ya wakati huo ingalipo hadi leo, inaitwa Old Hall, ni ya mwanzoni mwa karne ya 16, na imesimama peke yake mbali na jumba unaloliona kwenye picha. Mwanzoni mwa karne ya 18 ukoo ulijenga nyumba nyingine mahali pengine ndani ya shamba hilohilo. Jumba la sasa lilianza kujengwa miaka ya 1780 pale ilipokuwa hiyo nyumba ya pili, na kazi ikaendelea hadi mwongo wa pili wa karne ya 19. Kwa hiyo ukiulizwa Tatton ina umri gani, uliza kwanza: Tatton ipi?

"Lord Egerton wa kwanza" hakuwapo 1598. Cheo cha Baron Egerton wa Tatton kilianza mwaka wa 1859, na kikashikwa na watu wanne tu: William (alifariki 1883), Wilbraham (1909), Alan (1920) na Maurice (1958). Basi. Wilbraham ana mtego wake: mwaka wa 1897 alipandishwa akawa Earl Egerton, kwa hiyo kwenye magazeti ya baada ya hapo anaonekana kama mtu mwingine. Hakuacha mtoto wa kiume, cheo cha Earl kikafa naye, na kile cha Baron kikaenda kwa mdogo wake Alan, babake Maurice.

"Ukoo wa Tatton" nao ni kosa, ingawa linasameheka. Tatton ni jina la mahali, lakini kulikuwa pia na watu wa jina la Tatton waliokaa Wythenshawe, upande wa Manchester. Samuel Egerton alipofariki mwaka wa 1780 bila mtoto wa kumrithi, mali ilipita kwa dada yake Hester, aliyekuwa ameolewa na William Tatton. Hester akarudia jina la Egerton kwa sababu ya urithi, na mwanawe William akaendelea nalo. Ndiyo maana baadaye unakuta bwana anaitwa William Tatton Egerton. Mzee huyo kabeba majina ya koo mbili. Sema "ukoo wa Egerton" uwe salama.

Kuuza 1938: hapana. Mwaka wa 1938 ndio ujenzi wa kasri la Ngata ulipoanza. Vita Kuu ya Pili vikaukatiza, ukamalizika 1954. Muda wote huo Maurice alikuwa bado mwenye Tatton. Alifariki Januari 1958, na kwa wosia jumba na bustani zake vikaenda kwa National Trust, shirika la kuhifadhi turathi lililoanzishwa 1895.

La nakala nawaachia mafundi.

Ushauri wa kazi: chukua karatasi, piga mistari upate safu nne, uziite ARDHI, NYUMBA, CHEO, JINA. Kila tarehe unayoipata iweke kwenye safu yake kabla ya kuiamini. Tarehe nyingi "zinazogombana" hazigombani hata kidogo, zinazungumzia safu tofauti. Na kila safu ina karatasi zake. Nyumba: National Heritage List for England, inasomeka bure mtandaoni, na Tatton Hall imo kwenye daraja la juu kabisa, la kwanza. Ardhi: mikataba na hesabu za mashamba, ambazo kwa ukoo huu ziko kwa wingi John Rylands Library, Manchester, chini ya jina Egerton of Tatton Muniments. Watu walioishi na kufanya kazi jumbani: sensa za kila miaka 10, za 1841 hadi 1921 zimefunguliwa kwa umma. Na ya upande wetu yatafute kwenye Kenya Gazette, matoleo ya zamani yamewekwa mtandaoni.

Tahadhari ya mwisho: ukitafuta "Egerton" peke yake utaletewa Duke of Bridgewater, yule wa mfereji wa makaa ya mawe wa 1761. Alikuwa Francis Egerton, wa tawi jingine la ukoo. Usimwingize Njoro.

Halafu waambie waongozaji wenzako wanatamka "Ejaton", g ikisikika kama j ya "jembe". Mji wa karibu na Tatton unaandikwa Knutsford na kutamkwa "Natsfad".

---

MaweNaChokaa alijibu:

La nakala ni rahisi kuliko unavyodhani, weka picha mbili sambamba tu. Tatton ni jumba la mtindo wa Kigiriki na Kirumi uliofufuliwa: umbo la sanduku, mawe ya mchanga yaliyochongwa laini, paa limefichwa, na mbele kuna baraza la nguzo ndefu. Halina hata chembe ya ukasri.

Aliyelichora ni Samuel Wyatt. Yeye na mteja wake walikufa wakafuatana, William Egerton 1806 na Wyatt 1807, kazi ikiwa nusu. Mrithi, Wilbraham Egerton (si yule wa cheo, ni babu yake), akamwita Lewis Wyatt, mpwa wa Samuel. Mchoro wa kwanza ulitaka uso wenye safu 11 za madirisha, Lewis akaupunguza hadi 7. Hilo ndilo jambo la kawaida kwa majumba haya na ndilo linalowachanganya watu: mchoro mmoja, wachoraji wawili, vizazi viwili vya wenye pesa. Ukiona mahali pameandikwa 1791 na pengine 1816, usifute mojawapo.

Ndani kuna ushahidi mzuri zaidi. Chumba cha kulia chakula kina mapambo ya plasta ya mtindo wa rococo, yaani majani na mikunjo iliyojaa ukutani, wakati vyumba vingine vimetulia kwa mtindo wa Wyatt. Hakufanani kwa sababu chumba hicho kilikuwapo kabla. Kilitengenezwa na Thomas Farnolls Pritchard katika nyumba ya zamani, kwa ajili ya Samuel Egerton, na Wyatt akajenga akikizunguka badala ya kukibomoa. Pritchard huyohuyo ndiye aliyechora daraja la chuma la Ironbridge. Mwanafunzi akikumbuka chumba hicho kimoja, ameelewa kwamba nyumba ya aina hii haina mwaka mmoja wa kuzaliwa.

Na usisahau nje. Humphry Repton, mtengeneza mandhari, aliandaa kitabu cha mapendekezo ya Tatton mwaka wa 1791. Vitabu vyake vilikuwa na jalada jekundu na picha za rangi ya maji zenye kipande cha kufunua: kimelala, unaona mahali palivyo, ukikiinua, unaona patakavyokuwa. Kwa Tatton alipendekeza hata mawe ya maili ya barabarani yawekwe nembo ya ukoo, ili mpita njia ajue yuko kwenye ardhi ya nani. Wenzake walimcheka kwa hilo.

Kitu kingine cha kuwachorea wanafunzi ubaoni ni ha-ha, ua wa majumba ya aina hii. Chimba mtaro. Upande wa nyumba jenga ukuta wima wa mawe, kilele chake kiwe sawa na nyasi. Upande wa malisho acha mteremko wa taratibu. Ng'ombe akishuka anakutana na ukuta, anarudi. Mwenye nyumba akisimama dirishani haoni ua wowote, anaona nyasi zake zikiungana na malisho hadi upeo wa macho. Ukuta ukikosa matundu ya kutolea maji unafura nyuma na kuanguka mtaroni, na mtaro usiposafishwa hujaa udongo mpaka ng'ombe wanavuka kama daraja.

---

Rongai_Mpimaji alijibu:

Kabla ya pesa, neno. Hapa Nakuru ukisema "esteti" mtu anafikiria mtaa wa nyumba za kupanga. Wanafunzi watachora maghorofa. Tumia "milki", halafu ueleze duara zake kutoka ndani kwenda nje: jumba, bustani za maua na mboga, kisha ile park yenyewe ya miti na wanyama aina ya paa (ya Tatton ni kama ekari 1,000, takriban hekta 400), kisha shamba ambalo mwenye nyumba analima mwenyewe kwa kutumia msimamizi, na nje ya hapo mashamba ya wapangaji pamoja na vijiji.

Pesa ilitoka duara la mwisho. Mpangaji alilima, akalipa kodi mara mbili kwa mwaka, kwa desturi tarehe 25 Machi na 29 Septemba. Mwenye milki alikuwa na kazi ya majengo, milango na mifereji ya kutoa maji mashambani. Mpangaji alikuwa na kazi ya mbegu, mifugo na vibarua. Jumba lenyewe halikuzalisha kitu. Lilikuwa linakula: makaa, mishumaa, mishahara ya watumishi, na bustani ya mboga yenye nyumba za vioo. Tatton wana nyumba ya kioo mahsusi ya kukuzia mananasi! Mmea uliwekwa kwenye kitanda cha magome ya mwaloni yaliyotoka kwa watengeneza ngozi, magome yakioza yanatoa joto, na ilichukua miaka 2 hadi 3 kupata tunda moja. Joto likizidi mizizi inaungua, likipungua mmea unadumaa. Watoto wa Bungoma watacheka, na wana haki.

Mfumo huo ulivunjika kwa sababu mbili. Kuanzia miaka ya 1870 ngano ya Marekani ilianza kufika kwa reli na meli za mvuke kwa bei ambayo mkulima wa Uingereza hakuiweza, kodi za mashamba zikaporomoka. Halafu ukaja ushuru wa mirathi. Mwaka wa 1894 kiwango cha juu kabisa kilikuwa asilimia 8. Kufikia 1919 kilikuwa 40. Kufikia 1949, 80. Ushuru unatozwa kila mwenye mali anapofariki, kwa hiyo vifo viwili vya karibu karibu viliweza kuimaliza milki yote. Hapo Tatton kuna kifo cha 1909 na kingine 1920.

Kuhusu ndugu. Kwa vizazi vingi milki hizi zilifungwa kwa hati: anayekaa jumbani si mwenyewe kamili, ni mtumiaji wa maisha yake tu, hawezi kuuza ovyo. Mwana mkubwa akifika miaka 21 anakaa na baba yake wanafunga upya kwa kizazi kingine. Mfumo unategemea kuwepo kwa huyo mwana. Maurice hakuoa na hakuacha mtoto, na hakukuwa na mwanamume wa ukoo wa kushika cheo, kwa hiyo cheo kilikufa naye 1958. Jumba likaenda National Trust kwa wosia. Park yenyewe iliwafikia 1960 kwa njia tofauti: serikali iliichukua badala ya fedha za ushuru wa mirathi, ikawakabidhi. Na anayeliendesha kila siku si Trust, ni baraza la kaunti la Cheshire, siku hizi Cheshire East. Kwa kawaida Trust haipendi kupokea jumba lisilokuja na akiba ya kulitunza, maana paa la jumba kubwa linavuja kila mwaka bila kujali wosia unasemaje.

---

Lakeside_254 alijibu:

Delamere: ndiyo, na karibu mno. Jumba lao liliitwa Vale Royal, nalo liko Cheshire, chini ya kilomita 25 kutoka Tatton. Lilianza kama abasia ya watawa iliyoanzishwa na Mfalme Edward wa Kwanza, msingi wa kanisa ukawekwa 1277. Henry wa Nane alipovunja nyumba za watawa, Vale Royal ilifungwa 1538, kanisa likabomolewa na makao ya watawa yakageuzwa nyumba ya tajiri. Ukoo wa Cholmondeley ukaipata mwanzoni mwa karne ya 17. (Linatamkwa "Chamli". Usicheke.) Cheo cha Baron Delamere ni cha 1821.

Sasa lile kosa la Maurice "kuuza jumba" nadhani limehamia hapo kutoka kwa Delamere. Hugh Cholmondeley, Delamere wa tatu, ndiye aliyeiweka Vale Royal rehani kugharimia mashamba yake Kenya. Mwaka wa 1903 alipewa ekari 100,000 hapo Njoro kwa mkataba wa miaka 99, akapaita Equator Ranch. Kwanza kondoo, wakakonda na kufa katikati ya nyasi. Udongo wa majivu ya volkano wa sehemu hizo hauna kobalti ya kutosha, na bila kobalti vijidudu vya tumboni mwa mnyama haviwezi kutengeneza vitamini B12. Mnyama anashiba na bado ananyauka. Wakulima waliita ugonjwa huo kwa jina la Nakuru. Kisha ng'ombe, magonjwa yakawamaliza. Kisha ngano, ikaliwa na ugonjwa wa kutu. Hapo ndipo kazi ya kuzalisha ngano inayostahimili kutu ilipoanza, na kituo cha utafiti wa ngano Njoro, cha tangu 1927, bado kinafanya kazi hiyohiyo. Vale Royal yenyewe iliuzwa 1947 kwa kampuni ya kemikali ya ICI.

Chumvi inawaunganisha pia. Chini ya sehemu hiyo ya Cheshire kuna chumvi, na kiwanda kilikuwa kikipampu maji ya chumvi kutoka ardhini. Miaka ya 1920 ardhi ndani ya park ya Tatton ikadidimia, maji yakajaa, ikawa ziwa jipya. Linaitwa Melchett Mere, kwa jina la bwana wa ICI.

Ombi moja: usianze hadithi ya Njoro na 1938, wala 1903. Mwaka wa 1904 Wamaasai walifanya mkataba uliowatoa Bonde la Ufa kupisha walowezi. Na upande wa Tatton kulikuwa na kijiji cha zamani, kilichokwisha kikabaki matuta kwenye nyasi za park, wanaakiolojia wamekichimba. Ardhi zote mbili zilikuwa na watu kabla ya mandhari.

---

Ngata_Mwongozaji:

Asanteni sana, hii ni zaidi ya nilichotarajia. Mawili yamebaki. Kile kisa cha mchumba aliyelikataa kasri, kiingie au kitoke? Na chuo kikuu nikiweke wapi?

---

Hati_za_Kale:

Kisa kiache kwenye ziara, kisiingie kwenye karatasi kama historia. Hata wanaokisimulia hawakubaliani bibi alisema nini wala alikuwa nani. Andika "hakuoa", hilo halina ubishi. Ukitaka cha kuwasisimua, alikuwa rubani wa mwanzo kabisa: cheti chake cha Royal Aero Club cha 1910 ni namba 11.

Chuo weka kwenye safu ya ARDHI. 1939, alitoa ekari 740 kuanzisha Egerton Farm School, kwa ajili ya vijana wa Kizungu pekee. Miaka ya 1950, ikawa Egerton Agricultural College. 1958, zikaongezwa ekari 1,100, na baada ya hapo chuo kikafunguliwa kwa watu wa rangi zote. 1987, Chuo Kikuu cha Egerton. Usiandike "alianzisha chuo kikuu".

---

Ngata_Mwongozaji:

Aya mpya. Mniambie:

"Ukoo wa Egerton uliipata ardhi ya Tatton, Cheshire, mwaka wa 1598. Jumba la sasa lilianza kujengwa miaka ya 1780 kwa mchoro wa Samuel Wyatt, likakamilishwa na mwanawe Lewis. Milki iliendeshwa kwa kodi za wapangaji. Maurice Egerton, Baron wa nne na wa mwisho, alianza kujenga kasri la Ngata mwaka wa 1938 akiwa bado mwenye Tatton. Alipofariki 1958 jumba lilikwenda kwa National Trust kwa wosia."

---

MaweNaChokaa:

Lewis ni mpwa, si mwana. Badilisha hilo, upeleke kwa mpiga chapa.